Mlango wa mbele wa mbao: rangi ya mafuta, rangi ya maji, vanishi au mafuta ya mbao?

Hakuna mbao inayoteseka nyumbani kama ya mlango wa mbele. Uso mmoja unapigwa na jua na mvua, uso wa pili uko ndani kivulini. Mikono yenye jasho inaushika palepale kila siku, na chini unarushiwa matope na maji ya kudekia. Kisha mwenye nyumba anakwenda duka la vifaa vya ujenzi, anasema "nipe rangi ya mlango", anauziwa kopo lililo karibu na mkono wa muuzaji.

Machaguo ya kweli ni manne: rangi ya mafuta, rangi ya maji ya akriliki, vanishi ya nje, na mafuta ya mbao. Watu huuliza ipi inadumu zaidi, na swali hilo halisaidii sana kwa sababu zote huisha. Zinachotofautiana ni namna ya kuisha. Moja hupasuka, moja hupauka, moja hubanduka kama ngozi iliyoungua jua, na moja hunywewa na mbao ikatoweka kimya kimya. Ukishajua mlango wako utaharibika vipi, na nani ataushughulikia siku hiyo, kopo la kununua linajichagua lenyewe kwa sehemu kubwa.

Vigezo vya kupimia

*Mlango unatazama wapi.* Maandishi mengi ya Ulaya huonya juu ya mlango unaotazama kusini, kwa sababu huko jua la mchana hukaa upande huo. Kwetu karibu na ikweta, saa sita mchana jua liko utosini na paa la baraza linatosha kulizuia. Linaloumiza ni jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi alasiri, linalopenya chini ya paa. Kwa hiyo milango ya mashariki na magharibi ndiyo inayochakaa, na ya magharibi zaidi, kwani jua linaikuta mbao imeshakauka na kupata moto tangu mchana. Pwani, ongeza chumvi inayoletwa na upepo wa bahari.

*Mbao gani.* Mninga na mkongo (mbambakofi kwa watu wa pwani ya Kenya) ni tulivu, hazichezi sana msimu ukibadilika. Mvule na msaji zina mafuta na kemikali zake za asili zinazochelewesha rangi ya mafuta na vanishi kukauka. Msindano na saipresi ni laini, zinavimba na kusinyaa kwa urahisi, na vifundo vyake hutoa utomvu.

*Nani atautunza, na kila baada ya muda gani.* Hapa wengi hujidanganya. Kama hukumbuki mara ya mwisho kufuta vumbi juu ya fremu, usichague kitu kinachotaka kuangaliwa kila mwaka.

*Siku ngapi mlango unaweza kukaa wazi.* Nyumba ya mtaani haiwezi kulala bila mlango siku nne.

*Unataka mbao ionekane au ifichike.* Mlango wa mninga uliofichwa chini ya rangi nyeupe unauma moyo, lakini mlango wa msindano uliojaa puti ya kuziba matundu hauna cha kuonyesha.

Kama mlango ni wa zamani, jua kwanza kilichopo juu yake. Lowesha pamba kwa spiriti, sugua pahali padogo kwa nusu dakika. Rangi ya maji italainika na kuchafua pamba. Rangi ya mafuta haitatikisika. Kisha chora alama ya X kwa wembe hadi kwenye mbao, bandika selotepu juu yake, ivute kwa nguvu. Ikitoka na vipande vya rangi, hakuna rangi mpya itakayoshika hapo: kwangua yote.

Yanayoharibu kazi, liwe kopo lolote

Mlango una nyuso sita, wala si mbili. Ukingo wa juu na wa chini, ambao hakuna anayeuona, ndiko vinyweleo vya mbao vimekaa wazi kama mirija. Maji ya kudeki yanapanda kwa ukingo wa chini, yanafika nyuma ya rangi, kisha jua linayafukuza yatoke kwa mbele. Hapo ndipo malengelenge ya sentimita kumi za chini yanapotoka. Shusha mlango kwenye bawaba, au upige kingo kabla haujafungwa, angalau mikono miwili (yaani kupaka mara mbili). Ndani na nje navyo vipate ulinzi unaolingana. Mlango wenye mikono minne nje na mbao tupu ndani hunywa unyevu upande mmoja tu, ukapinda, na kitasa kikagoma.

Mbao mbichi ni adui wa pili. Fundi mwenye kipima unyevu asikubali zaidi ya asilimia 16 hivi pwani, na chini ya hapo bara kukavu kama Dodoma. Mlango uliotengenezwa Dar es Salaam ukapelekwa Dodoma utasinyaa, na pembezoni mwa kila paneli (ubao mwembamba uliopachikwa ndani ya fremu ya mlango) utaonekana mstari mweupe wa mbao isiyo na rangi. Dawa yake ni kupiga paneli kabla hazijaingizwa kwenye fremu ya mlango. Usizibe mfereji wa paneli kwa puti, maana paneli imeachwa huru makusudi ili icheze. Ukiibana, itapasua puti au itapasuka yenyewe.

Pwani, osha mlango kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni kidogo, suuza, uache ukauke siku mbili za jua. Chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu na kutoa malengelenge madogo madogo kama vipele. Panga kazi nje ya masika na vuli: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Mkono wa mwisho uishe kabla ya saa tisa alasiri, kwani umande ukiikuta rangi ya mafuta bado mbichi, mng'ao hugeuka ukungu mweupe. Na usipige mlango unaochomwa na jua saa hiyo hiyo.

Kuhusu milango ya zamani sana: rangi za miaka ya nyuma huenda zina risasi. Zisuguliwe kwa msasa wa maji, zisichomwe moto wala kusuguliwa kavu, na watoto wakae mbali hadi vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Ukubwa wa kazi

Mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 una mita za mraba 3.8 kwa nyuso mbili. Ongeza kingo, miimo na kizingiti cha juu, na mikunjo ya paneli, unafika mita za mraba 6 hivi. Kwa kipimo hicho (praima ni mkono wa msingi unaoshika mbao, andakoti ni mkono wa kati chini ya rangi yenyewe):

| | Mikono | Kiasi | Muda |
|---|---|---|---|
| Rangi ya mafuta | praima 1, andakoti 1, rangi 2 | praima lita 0.6, andakoti lita 0.5, rangi lita 1 | siku 4 |
| Rangi ya maji | praima 1, rangi 2 au 3 | praima lita 0.6, rangi lita 1.2 hadi 1.8 | siku 1 hadi 2 |
| Vanishi ya nje | 4 au zaidi | lita 2 | siku 4 hadi 5 |
| Mafuta ya mbao | 3 | lita 1.5 hadi 2 | siku 3 |

Galoni ya lita 4 kwa mlango mmoja ni hasara, isipokuwa una madirisha ya mbao pia.

Rangi ya mafuta

*Ilivyo.* Ni rangi ya alkidi (resini inayotokana na mafuta), inazimuliwa kwa tapentaini. Haikauki kwa kupoteza maji; inagumu kwa kunyonya oksijeni ya hewani, na haiachi kugumu. Mwaka wa kwanza ni ngozi laini inayong'aa, miaka ikisonga inakuwa kama kigae.

*Juani na mvuani.* Hakuna inayoipita kwa mng'ao siku ya kwanza. Juani mng'ao hupungua, kisha ukipitisha kidole unaona unga. Nyeupe yake hugeuka manjano mahali pa giza, kwa mfano uso wa ndani wa mlango wa korido. Kwa kuwa haivutiki, hupasuka pale mbao ya kulala inapokutana na mbao ya kusimama, na ufa huo ukiingiza maji, maji hayana pa kutokea.

*Kwenye mbao.* Inakaa vizuri kwenye mninga na mkongo. Mvule na msaji zifutwe kwanza kwa kitambaa chenye thina, kisha praima ipigwe muda huohuo kabla mafuta ya ndani hayajapanda tena. Usipofanya hivyo, rangi hunata kwa siku kadhaa. Vifundo vya msindano vizibwe kwa mikono miwili ya shelaki, ile polishi inayoyeyushwa kwa spiriti, la sivyo utomvu utatoboa na kuacha madoa ya njano.

*Kazi yake.* Msasa namba 80 hadi 120 kwenye mbao, vumbi lifutwe, praima ya mbao, ngoja usiku. Puti kwenye matundu ya misumari, msasa 180, andakoti, ngoja usiku. Msasa 240 kidogo tu, rangi mkono wa kwanza, usiku, kisha wa pili. Mpangilio ni paneli kwanza, mbao ya katikati, mbao za kulala, mwisho mbao za kusimama na kingo, ili kila mkwaruzo wa brashi ukatwe na mbao inayofuata. Kuzimua kusizidi asilimia 10. Mafundi wengine huzimua kwa mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Mafuta ya taa huacha utando, rangi ikachelewa kukauka na kutoka imefifia. Ukiona mlango mpya umeduwaa kana kwamba una ukungu, uliza kilichomiminwa kwenye kopo.

*Inavyoharibika.* Nyufa, kisha magamba. Marekebisho ni ya sehemu: kwangua kilicholegea, lainisha kingo za kidonda, praima, rangi. Kiraka kitaonekana, kwa hiyo uso wote hupigwa mkono mmoja juu.

*Inamfaa nani.* Mlango unaoguswa na kufutwa sana, ulio chini ya baraza pana. Pia yule ambaye fundi wake wa mtaa anaijua rangi hii kwa miaka na hataki kujaribishiwa kitu kipya.

Rangi ya maji ya akriliki

*Ilivyo.* Hapa ndipo watu huuziwa vitu tofauti kwa jina moja. Rangi ya maji ya ukutani siyo hii. Ukiipiga mlangoni italainika kwa jasho la mikono na kufutika kwa kitambaa. Inayotakiwa ni akriliki ya nje iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya mbao na chuma. Maji hupotea, chembe za plastiki hushikana, na ngozi inayobaki hubaki ikivutika.

*Juani na mvuani.* Hutunza rangi yake vizuri kuliko ya mafuta, haigeuki manjano, na hucheza pamoja na mbao. Huruhusu mvuke kutoka, kwa hiyo mbao yenye unyevu kidogo haitoi malengelenge upesi. Mng'ao wake lakini haufiki ule wa rangi ya mafuta, na joto kali huilainisha.

*Kwenye mbao.* Ni chaguo zuri kwa msindano na saipresi zinazocheza sana. Shida ni mbao zenye rangi kali: mninga na mvule hutoa majimaji ya kahawia yanayoyeyuka katika maji ya rangi na kutokeza kama madoa ya chai juu ya cheupe au krimu. Ukiongeza mikono haitasaidia. Tanguliza praima ya mafuta inayozuia madoa, kisha akriliki juu. Vichwa vya misumari ya chuma navyo vipewe tone la praima ya chuma, kwani maji ya rangi hii huvitia kutu siku hiyohiyo.

*Kazi yake.* Kila mkono husubiri saa 2 hadi 4, hivyo asubuhi unaanza na jioni unafunga. Tumia brashi ya nailoni. Ya manyoya hunywa maji ikalegea. Fanya haraka, uso mmoja kwa mara moja, usirudie brashi mahali palipoanza kushika. Kwenye nyanda za baridi kama Njombe, Juni na Julai, subiri jua lipande: chini ya nyuzijoto 10 chembe hazishikani, na ngozi inayotoka hupukutika.

Kukauka kwa kidole si kukomaa. Inachukua wiki mbili hadi nne, na ndani ya muda huo mlango uliofungwa kwa kubana hugandana na fremu. Asubuhi ukiuvuta unang'oa rangi. Acha kazi ikae wazi hadi jioni, kisha paka poda ya mtoto au sugua mshumaa mahali mlango unapogusana na fremu, na pia kwenye mpira wa kuzuia vumbi kama upo.

*Inavyoharibika.* Hupauka polepole, mara chache kupasuka. Ukiosha na kusugua kwa msasa wa 180, mkono mmoja unaurudisha. Ikibanduka karatasi nzima, sababu karibu kila mara ni kwamba ilipigwa juu ya rangi ya zamani ya mafuta inayong'aa bila kuisugua hadi mng'ao uishe.

*Inamfaa nani.* Mlango wa jua la moja kwa moja, familia isiyoweza kulala mlango ukiwa wazi, nyumba yenye mtu anayeumwa na harufu ya thina.

Vanishi

*Ilivyo.* Ngozi angavu inayoacha mbao ionekane. Kwa mlango wa mninga au mkongo siku ya kukabidhiwa hakuna kinachopendeza zaidi, na hakuna chaguo linalolalamikiwa zaidi miezi minane baadaye.

Lawama nyingi si za vanishi. Karakana za fanicha hupiga sendingi sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) kisha "klia" (ngozi angavu ya juu), vyote vya jamii ya laka, vinavyokauka kwa dakika chache na kuzimuliwa kwa thina kali. Kwa kabati la ndani ni kazi safi. Mlangoni ni kosa: ngozi yake ni ngumu na haivutiki, haina kinga ya jua, na unyevu ukipita chini yake hugeuka nyeupe. Mlango ukinunuliwa tayari unang'aa kama kioo, uliza umepigwa nini. Kama ni klia, itoe yote kabla haujafungwa nje. Usipige klia juu ya rangi au vanishi ya mafuta pia, kwa kuwa thina yake huikunja kama karatasi iliyolowa. Vanishi ya sakafu nayo haifai. Ni ngumu mno kwa mbao inayocheza.

Inayotakiwa ni vanishi ya nje au ya boti: laini kiasi, iliyowekewa vizuia mionzi ya jua.

*Juani na mvuani.* Ngozi ikiwa angavu, jua linapita hadi kwenye mbao na kuvunja gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za juu. Vanishi inaweza kuwa nzima kabisa huku uso wa mbao chini yake umeshakufa. Hapo hubanduka mapande mapande. Vizuia mionzi huchelewesha tu jambo hili, na kinachovipa nguvu ni unene wa ngozi. Ndiyo maana mikono miwili haitoshi hata vanishi iwe ya bei kubwa kiasi gani. Vanishi yenye rangi kidogo ya kahawia hukinga zaidi kuliko angavu kabisa.

*Kwenye mbao.* Mninga na mkongo, vizuri. Mvule na msaji zifutwe kwa thina kama ilivyoelezwa, na mkono wa kwanza uzimuliwe zaidi. Msindano unaweza, ila utabadilika rangi bila kulingana, na vifundo vitalia utomvu kwenye joto.

*Kazi yake.* Msasa 120, kisha 180, daima kufuata nyuzi, maana mkwaruzo wa kukata nyuzi utaonekana milele. Matundu yazibwe kwa puti iliyochanganywa na vumbi la mbao ileile. Mkono wa kwanza zimua kwa tapentaini asilimia 20 hadi 25 unywewe. Wa pili asilimia 10. Wa tatu na wa nne bila kuzimua. Kati ya mkono na mkono ngoja saa 24, sugua na msasa 240 hadi mng'ao ufe, futa vumbi. Kopo usilitikise, likoroge taratibu. Mapovu ya kutikisa hukauka yakiwa yamo. Mlango wa magharibi ongeza mkono wa tano.

*Inavyoharibika na marekebisho.* Hapa ndipo uamuzi wa vanishi unapopaswa kufanyika. Ikishughulikiwa mapema ni kazi ya asubuhi moja: osha, msasa 240, mkono mmoja mpya. Mlango wa juani utahitaji hivyo kila mwaka hivi, ulio ndani ya baraza kila miaka miwili au mitatu. Dondosha tone la maji kwenye mlango, karibu na kizingiti cha chini: likikaa kama shanga, bado uko salama, likinywewa na kuacha doa jeusi, umechelewa. Ukichelewa hakuna kiraka. Mbao iliyogeuka kijivu haifunikwi na kitu angavu, kwa hiyo mlango mzima unakwanguliwa hadi mbao mpya, siku mbili za msasa kabla ya kopo kufunguliwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye mbao nzuri, baraza la kina cha mita moja na nusu au zaidi, na tabia ya kushika kalenda.

Mafuta ya mbao

*Ilivyo.* Mafuta ya kitani, madukani huitwa linsidi, au mafuta yaliyochanganywa tayari kwa jina la mafuta ya tiki. Huingia ndani ya mbao, hayakai juu kama ngozi. Linsidi iwe ile iliyochemshwa, maana mbichi hukaa siku nyingi ikinata. Mafuta ya nazi na ya kupikia hayakauki. Huvuta vumbi, huvunda, na hushika ukungu. Oili chafu ya gari, ambayo wengine huipaka kuzuia mchwa, ni balaa zaidi: mlango hugeuka mweusi, huchafua nguo za kila anayepita, na hakuna rangi itakayoshika juu yake baadaye.

*Juani na mvuani.* Ndiyo kinga nyepesi kuliko zote nne. Mbao itazeeka na kukolea, maji yatapungua kuingia lakini hayatakoma. Pwani kwenye unyevu mwingi, linsidi tupu hulisha ukungu, na vidoa vyeusi hutokea hasa baada ya masika. Mafuta yaliyotiwa dawa ya ukungu hupunguza hilo.

*Kwenye mbao.* Mbao ngumu ndizo zake, msaji na mvule zikiwa mbele. Kwa msindano hayafai nje.

*Kazi yake.* Msasa hadi 180 tu; ukilainisha sana mbao inakataa kunywa. Paka kwa wingi, ngoja dakika 15 hadi 20, futa yote ambayo hayajanywewa. Yakiachwa juu hugeuka gundi. Rudia baada ya saa 24, mara tatu.

Matambara yaliyofutia linsidi yasirundikwe kwenye ndoo wala mfuko. Yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baada ya fundi kuondoka. Yatandaze moja moja nje juu ya sakafu ya saruji, au yaloweke majini.

*Inavyoharibika.* Hunywewa na kufifia. Hakuna kukwangua: osha, kausha, paka tena. Nusu saa inatosha, ila ni kila miezi sita kwa mlango wa juani, kila mwaka kwa wa kivulini.

*Inamfaa nani.* Mlango wa nakshi, na mtu anayependa mlango uonekane mzee kwa heshima. Kwenye milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, miji iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, kila mkono wa rangi nzito huzidi kujaza michoro hadi maua yanageuka mabonge. Mafuta hayajazi. Njumu za shaba zizibwe kwa tepu kwanza, kwani mafuta yakikaa kwenye shaba huifanya kijani kingoni. Kama mlango wa aina hiyo una rangi ya zamani, usikubali ifutwe kwa magadi makali ya kuchomea rangi. Hutia mbao weusi na kulegeza maungio. Na katika miji hiyo, uliza mamlaka ya hifadhi kabla ya kubadilisha chochote.

Neno juu ya rangi yenyewe

Nyeusi na kijivu cha mkaa zinapendwa sana sasa. Zinanyonya joto, na mlango mweusi wa magharibi hupata moto wa kutosha kupinda paneli nyembamba na kuchemsha utomvu wa msindano. Ukiing'ang'ania, iwe akriliki, mbao tulivu, na baraza. Nyekundu kali na njano kali hupauka mapema. Kahawia na nyekundu za udongo hudumu, kwa sababu chanzo cha rangi yake ni oksidi ya chuma ambayo jua haliiwezi.

Ukiwa katika hali hii

Mlango wa msindano au wa plaiwudi, unaochomwa na jua la jioni, hauna baraza: akriliki, rangi isiyokolea, kingo zote zikiwa zimezibwa kwanza kwa praima ya mafuta. Kama bajeti inaruhusu bati la mita moja juu ya mlango, anza na bati.

Mlango wa mninga ndani ya baraza pana, mwenye nyumba anaishi humo: vanishi ya boti mikono minne, na tarehe ya mwakani iandikwe juu ya ukingo wa mlango kwa penseli. Mlango huohuo, mwenye nyumba yuko Muscat au Toronto na anakuja mara moja kwa miaka mitatu: rangi ya mafuta au akriliki, hata kama moyo unakataa kuficha mninga.

Mlango wa zamani una rangi ya mafuta iliyoshika vizuri: usibadili jamii bila sababu. Sugua, piga mkono mmoja au miwili ya rangi ya mafuta, maliza kwa siku mbili. Ukitaka kuhamia akriliki, ua mng'ao wote kwa msasa 180 na upige praima ya kushikiza.

Vanishi imeshabanduka nusu ya mlango na huna nguvu ya kukwangua: ondoa iliyolegea na mbao ya kijivu, praima ya mafuta, kisha rangi. Ni njia ya kutoka isiyo na aibu, lakini kurudi kwenye mbao angavu baadaye kutakuwa kazi kubwa.

Mlango wa chuma: mafuta ya mbao na vanishi hazihusiki. Kwangua kutu, piga redoksaidi (praima nyekundu ya kuzuia kutu), kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Kama ni bati la zinki lisilopigwa rangi bado, rangi ya mafuta moja kwa moja itaachia baada ya muda. Litafutiwe praima maalumu ya bati la zinki.

Nyumba ya kupanga, mlango wa mwenye nyumba, na unataka tu upendeze kabla ya wageni wa Idi au Krismasi: osha, msasa, mkono mmoja wa rangi ya jamii ileile iliyopo, kwa idhini yake. Kipimo cha spiriti kitakuambia ni jamii gani, na nusu lita itatosha uso wa nje.